Orodha Ndiyo Kadi

Kadi zilikuwa nzuri. Karatasi ya gramu 300, maua ya rangi ya dhahabu kwenye pembe mbili, majina ya bwana na bibi harusi katikati. Zilifika Alhamisi jioni, jumla 420, zimefungwa kwa mipira, na kila moja ilikuwa imeshachapwa jina la mwalikwa, cheo chake, na chini kulia neno SINGO au DABO, yaani mtu mmoja au wawili. Tulikuwa tumeamua kwamba safari hii hakuna kukesha tukiandika majina kwa kalamu. Shangazi akachukua kadi ya juu kabisa, akaisoma kwa sauti: "Mch. Zainabu." Akaigeuza, akatazama nyuma. Akachukua ya pili: "Bi. Emanueli." Ya tatu ilimpa kijana wa jirani, ambaye hata kuoa hajaoa, cheo cha Alhaji na viti viwili.

Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati, na orodha ilitoka mikononi mwangu. Usiku wa kuamkia siku ya kuipeleka kwa mchapaji nilitaka majina yapangike kwa alfabeti ili yatafutike kwa urahisi. Nilichagua safu ya majina peke yake. Excel ikaniuliza kama nataka safu za jirani zihame pamoja nayo; nilikuwa na usingizi, nikabonyeza kuendelea na nilichochagua. Majina yakahama. Vyeo na idadi ya viti vikabaki palepale. Mchapaji akachapa alichopewa, na mashine haikukosea hata nukta.

Tangu siku hiyo nimekaa na mafundi wengi wa kadi, wasanifu, wakataji wa karatasi na makatibu wa kamati wenzangu, nikiwauliza kazi hii huharibikia wapi. Yenyewe ni rahisi kuieleza. Kuna kadi moja yenye sehemu zisizobadilika: tarehe, ukumbi, maua. Kuna orodha yenye mamia ya watu, kila mtu na mstari wake. Programu inachukua mstari mmoja baada ya mwingine na kuujaza kwenye nafasi zilizoachwa wazi, mpaka kadi moja inakuwa mia nne, kila moja na mwenyewe. Wengi wetu tunaiona kama kazi ya mashine, kwa hiyo tunauliza habari za mashine: ni ya aina gani, inachapa kwa siku ngapi, rangi yake inang'aa? Mimi nimefikia mahali pa kuamini kwamba hasara karibu zote huzaliwa kabla mashine haijawashwa. Kamati inaleta majina, msanifu anapamba, mchapaji anachapa. Na katikati ya watu hao watatu orodha imekaa kama mtoto ambaye kila mzazi anadhani mwenzake amemlisha.

Ufundi wenyewe haukuanzia kwenye harusi. Ulianzia posta. Austria-Hungaria ilitoa postikadi tarehe 1 Oktoba 1869, kadi isiyo na bahasha na yenye nauli ndogo kuliko barua, na haikuchukua muda wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani kuona kwamba hiyo ni njia ya kubisha hodi kwa watu elfu kwa gharama ndogo. Tatizo lao lilikuwa mkono wa kuandika anwani. Mwaka 1896 Joseph Smith Duncan wa Sioux City, katika jimbo la Iowa, alipewa hataza ya mashine ya kuchapa anwani iliyoitwa Addressograph. Baadaye mashine za jina hilo ziliendeshwa kwa vibati vya chuma, kila mteja na kibati chake: mteja akihama, kibati kinatolewa na kingine kinapigwa chapa. Kibati hicho ndicho babu wa mstari wa Excel. Mwaka 1964 IBM ikaleta taipureta ya utepe wa sumaku, MT/ST, na lile toleo lake la tepe mbili liliweza kusoma barua kutoka utepe mmoja na anwani kutoka wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliokuwa wakitumia WordStar waliweza kununua nyongeza iitwayo MailMerge, na jina la bidhaa hiyo likageuka kuwa jina la ufundi mzima. Kisha mwaka 1993 zikatokea mashine za Indigo na Xeikon, zilizochapa rangi kamili bila pleti (bamba la kuchapia) ya kudumu, kila karatasi ikiweza kutofautiana na iliyotangulia. Hapo jina la mtu likaweza kuchapwa pamoja na maua.

Pwani yetu ilikuwa na postikadi zake tangu zamani. Studio za A. C. Gomes na za ndugu Coutinho kule Zanzibar ziliwauzia wasafiri wa melini picha za mji na bandari. Lakini kadi zile zote zilikuwa sawa. Jina aliliandika mnunuzi mwenyewe.

Nimekwenda mbali hivyo kwa sababu chimbuko hilo la posta bado limejificha ndani ya programu tunazotumia. Marekani, ambako kadi za matangazo hutumwa kwa shehena, uzito wote wa kazi uko kwenye anwani. Posta yao humtaka mtumaji anayelipa bei nafuu ya shehena alinganishe orodha yake na taarifa za waliohama ndani ya siku 95 kabla ya kutuma. Sehemu ya chini kulia ya kadi huachwa tupu kwa ajili ya msimbo pau. Jina likikosewa, kadi bado itafika mlangoni. Wengine huandika tu kwamba ni kwa mkazi wa sasa wa nyumba, na inatosha. Ndiyo maana programu hizo hukutana na wewe zikiwa zimeshakutengea safu za jina la kwanza, jina la ukoo, mtaa, jiji na postikodi.

Kwetu mzigo umekaa upande mwingine. Barua zetu kwa miaka mingi zimekwenda kwenye sanduku la posta, si mlangoni, na ingawa mwaka 2022 Tanzania ilikazana kuweka anwani za makazi na namba za nyumba kabla ya sensa ya Agosti, kadi ya harusi bado husafiri kwa mikono. Hubebwa na mjumbe, hukabidhiwa baada ya ibada, huachwa dukani kwa Mangi ili mwenyewe aipitie akinunua mkate. Juu yake hakuna mtaa wala postikodi. Kuna cheo, jina na idadi ya watu. Jina hilo peke yake linasema kadi iende kwa nani, na papo hapo linasema huyo mtu ana uzito gani mbele ya familia. Mmarekani akipokea kadi yenye jina lililokosewa ataitupa pamoja na matangazo mengine. Mama yangu mdogo akiipokea ya namna hiyo, ataitunza kama ushahidi.

Chukua safu ya "jina la kwanza" na safu ya "jina la ukoo", halafu jaribu kuzijaza kwa waalikwa wa ukumbi mmoja wa Dar es Salaam. Mwenye majina matatu, lake, la baba na la babu, hana jina la ukoo kwa maana ile ya programu. Mwenye "bin" au "binti" katikati hajui akatwe wapi. Mama Neema anajulikana mtaa mzima kwa jina hilo na kwa jina hilo tu; ukimwandikia lililo kwenye kitambulisho chake, mjumbe atarudi na kadi akisema mtu huyo hayupo. Ukimwandikia Mama Neema, umemheshimu, lakini wapo Mama Neema watatu. Bwana mmoja ni Ndugu, mkewe ni Dkt.; "Bw. na Bi." inamvua mama shahada yake mbele ya watu. Kuna Mheshimiwa, Mchungaji, Sheikh, Mwalimu, na kuna Mzee ambaye uzee wake ni cheo kuliko vyote hivyo.

Vitabu vya programu hushauri kuvunja jina vipande vidogo vidogo, kila kipande na safu yake, halafu kuviunganisha kwa masharti: kama ni mwanamke weka hivi, kama ana mume weka vile. Kwa watu wetu ushauri huo sikubaliani nao. Kila sharti unaloongeza ni mlango mwingine wa kumwita Zainabu mchungaji. Njia iliyotusaidia ni kuwa na safu moja yenye maneno yote kama yatakavyosomeka kwenye kadi, cheo kikiwa ndani yake, yameandikwa na mtu anayemjua mwalikwa: "Dkt. Anna na Ndg. Petro", "Mama Neema wa Tabata na familia". Pembeni yake kuna safu ya pili ambayo haichapwi kamwe: jina la kitambulisho, namba ya simu, nani atampelekea. Ya kwanza ni ya heshima, ya pili ni ya kazi. Tukizichanganya, tunaishia kuchapa ya kazi.

Na orodha hutoka wapi? Zamani ilitoka kwenye daftari la mwekahazina. Siku hizi hutoka kwenye simu yake. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo mchango wa harusi ni ujumbe mfupi wenye kiasi na jina la aliyesajili laini, herufi kubwa tupu. Mwekahazina ananakili ujumbe baada ya ujumbe, na hapo orodha ya waliolipa inageuka kimyakimya kuwa orodha ya waalikwa. Hazilingani. Mjomba ametuma kwa simu ya mwanawe, kwa hiyo kadi inaandikwa jina la kijana wa kidato cha nne. Mume ametuma nusu Jumanne, mke akamalizia Ijumaa: kadi mbili nyumba moja. Wakala ametuma kwa niaba ya bibi asiye na simu, na wakala sasa amealikwa.

Herufi kubwa nazo zina mtego wake. Mtu akitaka kuzishusha haraka hutumia kanuni ya Excel iitwayo PROPER, ambayo hukuza herufi ya kwanza ya kila neno. Lakini kanuni hiyo huhesabu kibainishi, kile kialama cha ng', kama mpaka wa neno. Ng'ang'a anatoka akiwa Ng'Ang'A. Mtu aliyebuni kanuni hiyo hakuwa na Ng'ang'a mezani kwake, wala Ng'wandu, wala Nyang'oro. Isitoshe kibainishi kina sura mbili kwenye kompyuta, kilichonyooka na kilichopinda, na programu huviona kama alama tofauti. Mtu yuleyule akiandikwa mara mbili kwa vibainishi viwili, chombo cha kutafuta marudio kitampita bila kumwona. Fonti nyingi za mapambo tunazozipakua bure hazina kibainishi kizuri, na nyingine hazina kabisa herufi kama é. Ndugu wa Bujumbura na Bukavu, akina Désiré na Hélène, huumia hapo, na huumia tena faili lililohifadhiwa kwa UTF-8 likifunguliwa kwa usimbaji mwingine: herufi yao moja hugeuka alama mbili zisizosomeka katikati ya jina.

Sifuri ndiyo inayopotea kwa utulivu kuliko zote. Andika namba ya simu inayoanza na 0754 kwenye seli ya kawaida, Excel itadhani ni hesabu na kuondoa sifuri ya mbele. Kwa Mkenya anayetuma kadi kwa posta, 00100 ya Nairobi hubaki 100. Andika 3/4 ukimaanisha meza ya 3, kiti cha 4, utarudi na kuikuta ni tarehe. Dawa ni moja: safu iwekwe kuwa ya maandishi kabla ya kuandika chochote, kwa sababu kuigeuza baadaye hakurudishi kilichokwisha potea. Nimeona kamati ikiziongeza sifuri kwa mkono usiku kucha, na dawa ilikuwa sekunde 5.

Orodha ikishakaa sawa, kinachofuata ni chepesi zaidi, ingawa nacho kina mahali pa kujikwaa. Kamati nyingi hutengeneza kadi kwa Word kwa sababu ndiyo iliyopo. Word inajua vizuri kuunganisha orodha, ila haikuundwa kwa ajili ya kiwanda. Haina ukingo wa ziada, zile milimita 3 za rangi zinazotoka nje ya mstari wa kukatia ili kisu kikiyumba kidogo weupe usionekane. Lazima uzitengeneze mwenyewe kwa kuifanya kadi ya A6, yenye milimita 105 kwa 148, iwe ukurasa wa 111 kwa 154. Isipoambiwa vinginevyo, hupunguza picha hadi nukta 220 kwa inchi, wakati mchapaji anataka 300. Na rangi zake ni za skrini. Nyeusi ya jina ikibadilishwa kuwa rangi za uchapaji inaweza kutoka kama mchanganyiko wa samawati, majenta, manjano na nyeusi, na karatasi ikisogea kwa unywele tu, jina linakuwa na kivuli. Majina yachapwe kwa nyeusi peke yake. Ukisahau mengine yote, mwambie msanifu hilo moja.

Tena kuna amri ya kuhamia mstari unaofuata. Unapopanga kadi nne kwenye ukurasa mmoja wa Word, amri hiyo lazima iwepo kwenye kadi ya pili, ya tatu na ya nne. Ikikosekana, Bwana Salehe anapata kadi nne, kila anayemfuata naye nne, na karatasi zinakuwa mara nne. Ikiwekwa hata kwenye ya kwanza, mtu wa kwanza wa orodha anarukwa, na kwa kawaida mtu wa kwanza wa orodha ni mgeni rasmi.

Wasanifu wanaotumia InDesign wana chombo imara zaidi. Kinaleta hata picha na msimbo wa QR kutoka kwenye orodha, jambo linalozidi kuhitajika sasa ambapo kumbi nyingi husoma kadi kwa simu mlangoni. Lakini kisanduku cha jina kikiwa kifupi, maneno yanayozidi hufichwa. Kwenye skrini kuna alama ndogo nyekundu. Kwenye kadi iliyochapwa hakuna alama yoyote, kuna "Mchungaji Kiongozi na" halafu kimya. Kisanduku kipimwe kwa jina refu kuliko yote katika orodha. Msanifu aliyepima kwa "Juma Ali" amejidanganya.

Swali ambalo kila kamati huliuliza ni kama wachape yote kwa mara moja au kwa mikupuo miwili, na jibu linategemea idadi. Mashine ya ofseti ina pleti. Pleti ina gharama yake hata ukichapa kadi kumi, na kila karatasi itokayo ni sawa na nyingine, kwa hiyo haiwezi kubadilisha majina. Mashine ya dijitali haina pleti, bei ya kadi ya kwanza na ya mwisho ni karibu sawa, na jina linaweza kubadilika kila karatasi. Kwa kadi mia tatu au mia nne sioni sababu ya kuhangaika: dijitali, mkupuo mmoja. Kwa maelfu, kama kadi za benki kwa wateja au za chama kwa wanachama, watu huchapa ganda la rangi kwa ofseti halafu majina kwa printa ya leza. Hapo ndipo fundi mwenye uzoefu anapoonekana. Leza hubandika tona kwa joto linaloweza kukaribia nyuzi 200; wino wa ofseti usiokauka vizuri hulainika ndani ya printa na kuacha uchafu kwenye kadi zinazofuata. Ganda likishapigwa lamineshi, tona haishiki, inabanduka kwa kucha. Basi jina kwanza, lamineshi baadaye. Hata anayetaka kuandika kwa kalamu aijue karatasi yake, kwani ile inayong'aa pande zote mbili haifyonzi wino, na jina la mgeni litaishia kwenye kidole cha mjumbe.

Kuna jambo la mpangilio ambalo wateja hawaambiwi, nami nadhani wanastahili kuambiwa. Mashine haichapi kadi moja moja. Karatasi ya SRA3, milimita 320 kwa 450, hubeba kadi 8 za A6 pamoja na kingo zake. Ukiziacha zifuatane kawaida, yaani kadi ya 1 hadi ya 8 kwenye karatasi ya kwanza, ya 9 hadi ya 16 kwenye ya pili, baada ya kukatwa utapata mafungu manane, kila fungu likiruka watu saba saba, na mtu atakaa sakafuni kuyapanga upya. Fundi mzuri hufanya tofauti. Kwa kadi zetu 420 karatasi ni 53. Nafasi ya kwanza ya kila karatasi hupewa kadi ya 1 hadi ya 53, nafasi ya pili ya 54 hadi ya 106, na kuendelea hivyo mpaka nafasi ya nane, ambako nne za mwisho hubaki tupu. Kisu kikishapita, unaweka fungu juu ya fungu na orodha nzima imekaa kwa mfuatano wake. Kama umepanga orodha kwa wajumbe, wa Mbagala pamoja, wa Kimara pamoja, kila mjumbe anakatiwa fungu lake mkononi bila kutafuta. Muulize mchapaji kabla hajaanza, kwa sababu baada ya kukata hakuna njia ya kurudi.

Namba ya mstari nayo ichapwe kwa herufi ndogo kwenye ule ukingo wa kukatwa. Inaondoka na kisu, mgeni haioni, lakini kabla ya hapo inamwezesha mtu yeyote kuchukua karatasi iliyotoka mashineni na kuilinganisha na orodha.

Kariakoo, River Road ya Nairobi, Nasser Road ya Kampala: kote huko nimeona, au nimesimuliwa na wanaofanya kazi huko, desturi ileile ya mteja kufika na flashi, kuichomeka kwenye kompyuta ya duka, na kuondoka akiwa ameacha faili zima kwenye skrini ya watu wote. Hili linanisumbua kuliko kadi zilizoharibika. Orodha ya harusi ina majina, namba za simu, na mara nyingi safu ya kiasi ambacho kila mmoja ametoa. Nani ametoa laki tano na nani ametoa elfu kumi na kuomba radhi ni siri ya familia. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Ya Tanzania ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Lakini sheria haikai dukani kumwangalia kijana anayenakili namba. Faili la kwenda kwa mchapaji liwe na safu zile tu zinazochapwa, basi. Safu ya simu ibaki nyumbani. Safu ya fedha isitoke kabisa kwenye simu ya mwekahazina. Na kazi ikiisha, mteja aombe faili lifutwe mbele yake, kwa upole, kama anavyoomba chenji.

Wapo wanaosema mjadala huu wote utakufa, kwa sababu kadi sasa hutumwa WhatsApp. Mimi naona umeongezeka. Kadi ya WhatsApp yenye jina la mwalikwa na msimbo wake imetoka kwenye orodha ileile, kwa ufundi uleule, na ikikosewa haina hata mjumbe wa kuitazama njiani na kusema, hii ngoja kwanza. Inafika kwa sekunde moja, mtu anaipiga picha, na jioni kundi zima la ukoo limeiona.

Kinachobaki ni nakala ya majaribio, na hapa tunakosea kwa namna ya ajabu. Mchapaji huleta kadi moja. Tunaikagua kwa makini: tarehe sawa, ukumbi sawa, jina la bibi harusi sawa. Tunatia saini. Tumekagua kile kisichobadilika, kilichokuwa salama tangu mwanzo, na kadi 419 zilizobaki hakuna aliyezitazama. Wachapaji wenye busara huchapa ya kwanza, ya mwisho, yenye jina refu kuliko yote, na yenye nafasi tupu. Ni vizuri, na nisingemwacha mchapaji asiyefanya hivyo. Lakini ukaguzi huo unashika makosa ya umbo. Kosa langu mimi usingelishika, kwa sababu "Mch. Zainabu" inakaa vizuri kabisa ndani ya kisanduku.

Ijumaa ile, baada ya kamati kukubali kulipia uchapaji wa pili, baba mkubwa alisema orodha isomwe yote, kwa sauti, na kila aliyekuwapo asikilize. Nilidhani ni kupoteza muda. Tulikaa barazani saa mbili na nusu. Nilisoma mstari baada ya mstari, jina, cheo, singo au dabo, na watu wakawa wanakatiza: huyo siku hizi ni Mchungaji, huyo usiseme Bi., sema Mwalimu, huyo na huyu ni mtu mmoja, huyo aliachana na mkewe, usiwaweke pamoja. Hakuna programu iliyokuwa na habari hizo. Zilikuwa vichwani mwa watu sita waliokaa mkekani.

Mstari wa 217 ulisomeka "Mzee Rajabu na Bi. Hadija", dabo. Ulitoka kwenye orodha ya harusi ya miaka mitatu nyuma, ambayo niliinakili yote bila kuipitia.

"Huyo tulimzika mwezi wa Ramadhani," alisema baba mkubwa.

Nikafuta jina la mzee, likabaki la Bi. Hadija peke yake. Nikasogeza kishale hadi safu ya viti ili nibadilishe.

"Hapo usiguse, mwanangu," Shangazi akasema. "Mwandikie dabo. Atakuja na mjukuu wake."